Barua ya Mwalimu: Chukua Kinga, Acha Mzigo



Ningependa mwezi huu tuzungumzie swali ambalo wazazi kadhaa wameniuliza kwa nyakati mbalimbali. Kompyuta ya nyumbani huonyesha ujumbe kwamba kuna marekebisho mapya yanayongoja kupakuliwa. Intaneti ya nyumbani nayo ni ya polepole, au ni ya kupimiwa kama mafuta ya taa dukani. Je, mzazi akubali yote yanayoletwa, akatae yote, au afanyeje?

Wako wanaokubali kila kitu kwa hofu, kisha wakaona bando la mwezi limekwisha kabla mwezi haujafika katikati. Wako pia waliochoka, wakazuia marekebisho yote kabisa, na mashine yao sasa ni kama nyumba iliyong'olewa kitasa. Kila upande una hoja yake, lakini hakuna uliosalimika. Njia iliyo sawa ni kuchagua. Kuchagua kunawezekana, maana marekebisho si kitu kimoja: ndani yake mna kinga, na ndani yake mna mzigo.

Kabla sijaendelea, tukubaliane juu ya maneno. Siku hizi neno "kifurushi" hutumiwa pia kwa intaneti tunayonunua kwenye simu. Katika barua hii intaneti hiyo nitaiita bando, na neno kifurushi nitalitumia kwa programu tu, au sehemu ya programu, inayoletwa ndani ya kompyuta.

JAMBO HILI LATUHUSU HAPA TORONTO

Mtu wa nje angeshangaa kusikia kwamba katika mji mkubwa kuliko yote nchini Kanada wapo watu wanaohesabu megabaiti. Tarehe 21 Desemba 2016 tume ya mawasiliano ya nchi hii, CRTC, ilitamka kwamba intaneti ya kasi ni huduma ya msingi, ikaweka lengo la megabiti 50 kwa sekunde za kupakua na megabiti 10 za kupakia. Nyaya zenye uwezo huo zimekwisha kupita katika mitaa yetu mingi. Lakini waya kupita mlangoni ni jambo moja, na kuulipia ni jambo jingine. Wapo wanaoanza maisha hapa kwa intaneti ya simu pekee, inayogawiwa kompyuta na watoto wote. Wapo waliopanga chumba cha chini ya nyumba na kushiriki intaneti ya mwenye nyumba. Wapo waliochagua mpango wa bei ya chini kuliko yote, kwa sababu kodi ya nyumba haingoji.

Tufanye hesabu kidogo, kama tulivyokuwa tukifanya ubaoni. Kasi ya intaneti hupimwa kwa biti, na ukubwa wa mafaili hupimwa kwa baiti. Baiti 1 ni biti 8. Kwa hiyo gigabaiti 1 ni takriban megabiti 8,000. Kwa kasi ya megabiti 50 kwa sekunde, mzigo huo hufika kwa muda usiozidi dakika 3. Kwa megabiti 5, huchukua kama dakika 27. Kwa kilobiti 512, kasi ambayo baadhi ya kampuni za simu humteremshia mteja aliyemaliza bando lake la kasi, huchukua zaidi ya saa 4. Nayo marekebisho makubwa ya Windows, yale ya mara moja kwa mwaka, aghalabu huwa ni gigabaiti kadhaa. Mtoto aliyepaswa kupeleka kazi yake ya shule jioni hiyo atakaa mbele ya kioo akingoja, na mwalimu wake atadhani ni mvivu.

KWA NINI TUSIKATAE YOTE

Tarehe 14 Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa marekebisho ya kuziba ufa fulani wa usalama katika Windows. Waliokubali walizibiwa ufa huo bila kujua walikuwa wameepushwa na nini. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, yaani miezi miwili baadaye, virusi vilivyoitwa WannaCry viliingia kwa ufa uleule. Vilifunga mafaili ya watu na kudai fedha ili vifungue. Zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150 ziliathirika, na hospitali nyingi za Uingereza zililazimika kuwarudisha wagonjwa nyumbani. Dawa ilikuwapo kwa miezi miwili. Waliougua ni wale ambao haikuwafikia.

Hapa mjini petu tumeonja uchungu wa kukosa kompyuta. Tarehe 28 Oktoba 2023 maktaba ya umma ya Toronto ilishambuliwa na wadukuzi, na kwa miezi kadhaa kompyuta za umma katika matawi yake hazikutumika. Familia isiyokuwa na mashine nyumbani ilijua siku hizo thamani ya ile iliyozoea kuikuta mezani bure. Basi aliye nayo nyumbani na ailinde. Marekebisho ya usalama ni kinga, na kinga hainyimwi bando. Tukibana matumizi, tubane mahali pengine.

MZIGO HUINGIAJE

Mahali pengine hapo ni wapi? Ni katika vifurushi tusivyovihitaji. Navyo huingia kwa milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni wa programu zilizokuja na kompyuta tangu dukani, au zilizoingizwa siku moja kwa jambo la siku moja zikasahauliwa. Hapa pana siri ambayo wengi hawaifikirii: kifurushi usichokihitaji hakilipiwi mara moja tu. Maadamu kimo ndani ya mashine, nacho hudai marekebisho yake kila yanapotoka, mwezi baada ya mwezi. Mchezo ambao mtoto aliuacha miaka mitatu iliyopita bado unakula bando la leo. Bandubandu huisha gogo.

Mlango wa pili ni wa vitu vinavyopandishwa mgongoni mwa marekebisho halali. Mfano unaojulikana sana ni wa Java. Kwa miaka mingi, hadi mwaka 2015, aliyekubali marekebisho ya Java kwenye Windows alikuta kisanduku kilichokwisha kutiwa alama, kikimkubalia kuletewa pia upau wa utafutaji wa Ask. Asiyesoma akabonyeza tu aliondoka na mgeni ambaye hakumwalika. Desturi hiyo haijafa. Imebadilisha sura tu. Kila mara mnapoona kisanduku chenye alama tayari, someni maneno yaliyo kando yake kabla ya kuendelea.

Mlango wa tatu ni wa mapendekezo ya watengenezaji wenyewe. Hawa hawana nia mbaya. Hudhani tu kwamba kila mtu ana intaneti kama ya ofisini kwao, na wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Anayependekeza megabaiti 500 za ziada kwake ni nusu ya pumzi. Kwa mama anayelipia simu tatu kwa mshahara mmoja ni jambo la kutafakari.

Kutokana na hayo, kanuni yangu ya kwanza ni ya mpangilio wa kazi: ondoeni kwanza, ndipo mrekebishe. Watu wengi hufanya kinyume. Hupakua marekebisho ya programu 40, kisha wiki ijayo wakaona mashine imejaa na kufuta 15 kati ya hizo. Anayehama nyumba hachukui takataka zake zote hadi nyumba mpya ndipo azitupe.

KWA WENYE WINDOWS

Kompyuta iliyounganishwa na simu kwa njia ya Wi-Fi mara nyingi haijui kwamba intaneti ile ni ya kupimiwa. Huiona kama Wi-Fi nyingine yoyote, ikaanza kunywa bila kuuliza. Ni juu yetu kuiambia. Nendeni kwenye mipangilio ya mtandao, fungueni habari za Wi-Fi mnayoitumia, kisha washeni sehemu iliyoandikwa "Metered connection". Tangu hapo Windows huahirisha sehemu kubwa ya upakuaji wake hadi mtakapoiagiza au mtakapofika penye mtandao mwingine.

Katika ukurasa wa marekebisho, yaani Windows Update, mna sehemu ya "Optional updates". Maana yake ni marekebisho ya hiari, aghalabu ya viendeshi vya vifaa. Kama printa yenu inachapa na sauti inasikika, hayo yanaweza kungoja. Yale ya usalama yasingoje.

Nyumba yenye kompyuta mbili au zaidi itazame pia sehemu iitwayo "Delivery Optimization". Hapo mnaweza kuruhusu kompyuta za nyumba moja zigawiane marekebisho, ili yale yaliyopakuliwa na mashine ya baba yasipakuliwe upya yote na mashine ya binti. Chagueni kompyuta za mtandao wa nyumbani tu, wala msichague zile za intaneti nzima. La sivyo bando lenu litawapelekea marekebisho watu msiowajua.

Jambo la mwisho kwa wenye Windows ni kalenda. Tangu mwaka 2003 Microsoft imekuwa na desturi ya kutoa marekebisho yake ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi. Mwenye kujua siku ya gulio hujiandaa. Wekeni alama kwenye kalenda ya jikoni, na siku inayofuata, Jumatano au Alhamisi, chukueni kompyuta mpakato mwende nayo kwenye tawi la maktaba lililo karibu. Maktaba ya umma ya Toronto ina matawi 100, na Wi-Fi yake ni ya bure. Wakati mtoto anasoma kitabu, mashine inakunywa maji ya kisima cha umma badala ya mtungi wa nyumbani. Msisahau waya wa umeme, maana kompyuta ikizimika katikati ya marekebisho huweza kuharibika.

KWA WENYE LINUX

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Kwa sababu hiyo baadhi ya vijana wetu wameziwekea mashine hizo mfumo wa Linux, aghalabu Ubuntu au Linux Mint, ambao hautozwi fedha. Jina Ubuntu, kwa njia, si geni kwetu: ni neno la Kizulu na Kixhosa lenye shina moja na "utu" wa Kiswahili. Mfumo huo ulianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, na hadi mwaka 2011 waliuweka kwenye sahani za CD na kuzituma kwa posta bila malipo kwa yeyote aliyeomba. Hao walikumbuka kwamba si kila mtu anaweza kupakua.

Katika Ubuntu, Mint na mfumo mama wa Debian, vifurushi huandikiana daraja tatu. Chukulieni mfano wa mwaliko wa harusi. Ukimwalika mama mwenye mtoto anyonyaye, mtoto atakuja, hakuna hoja. Hicho ni kifurushi kinachohitajika, na bila hicho programu haifanyi kazi. Ukimwalika mwimbaji, itapendeza aje na mpiga ngoma wake. Bila yeye ataimba, ila wimbo utapwaya kidogo. Hicho ni kifurushi kinachopendekezwa. Kisha yuko jirani wa mpiga ngoma, ambaye naye angefurahi kula pilau. Hicho ni kifurushi kilichodokezwa tu.

Zamani Debian ilileta wale wa daraja ya kwanza peke yao. Tangu toleo la 5 la mwaka 2009 huleta pia wa daraja ya pili bila kuuliza; wa tatu hawaji hadi waitwe. Tatizo ni kwamba mpiga ngoma naye ana wake anaowahitaji na wake anaowapendekeza, na hao nao wana wao. Ndiyo maana mtu huagiza programu ndogo ya megabaiti 10 akaona mashine yataka kupakua megabaiti 300.

Dawa yake ni maneno machache yanayoongezwa kwenye amri ya kuingiza programu:

sudo apt install --no-install-recommends

kisha jina la programu. Kwa amri hiyo mnapata mama na mtoto tu. Ikiwa baadaye mtaona jambo fulani halifanyiki, kwa mfano faili la namna fulani halifunguki, mtamwita mpiga ngoma kwa jina lake, peke yake. Sisemi kwamba kila kinachopendekezwa hakina maana. Nasema kisije kabla hatujamuuliza ana kazi gani.

Kwa marekebisho ya kawaida, amri ya kwanza ni "sudo apt update". Hiyo huleta orodha tu, nayo ni ndogo. Ya pili ni "sudo apt upgrade". Hiyo, kabla ya kupakua chochote kikubwa, huorodhesha vifurushi, hutaja jumla ya ukubwa wake, kisha huuliza kama iendelee. Watu hubonyeza herufi ya kukubali kwa mazoea, kama mtu atiaye saini barua asiyoisoma. Someni ile namba. Ikiwa ni kubwa kuliko bando lililobaki, bonyezeni "n", mwende maktabani kesho. Hakuna kilichoharibika.

Amri ya tatu ni "sudo apt autoremove". Hii huondoa vifurushi vilivyokuja kwa ajili ya programu ambayo haipo tena: mtoto aliyesahauliwa harusini, tuseme, lakini mama yake alikwisha kuondoka. Napo someni orodha kabla ya kukubali, na mkiona jina la programu mnayoitumia, simameni mwulize kijana anayejua.

INTANETI YENYEWE

Kubana si fadhila kama haki yako iko mezani hujaichukua. Serikali kuu ya Kanada ina mpango uitwao Connecting Families. Awamu yake ya pili, iliyotangazwa mwaka 2022, iliweka intaneti ya hadi megabiti 50 kwa sekunde, yenye gigabaiti 200 kwa mwezi, kwa dola 20, kwa familia zinazopata kiwango cha juu kabisa cha posho ya watoto na wazee wanaopata kiwango cha juu kabisa cha nyongeza ya pensheni. Familia zinazostahili hutumiwa barua yenye nambari ya siri ya kujiandikishia. Nina hofu kwamba barua nyingine hutupwa pamoja na matangazo ya pizza. Bahasha ya serikali isitupwe kabla mtu anayesoma Kiingereza vizuri hajaitazama.

MASHINE INAYOKWENDA NYUMBANI

Wengi wetu hupeleka kompyuta zilizotumika kwa ndugu walioko Dar es Salaam, Mombasa, Kampala, Bujumbura au Goma. Ni wema mkubwa, lakini wema huo huweza kugeuka deni. Mashine iliyokaa kabatini hapa mwaka mzima, mara iwashwapo huko, hudai marekebisho ya mwaka mzima, na anayelipa ni mpwa wako kwa bando la siku.

Ni kweli kwamba mambo yamebadilika. Kabla ya mwaka 2009 Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti kwa intaneti yake, nayo ilikuwa ghali na nzito. Mwaka huo nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika pwani yetu, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Hata hivyo, tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili kati ya hizo, SEACOM na EASSy, zilipata hitilafu, na intaneti ikadhoofika katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwamo. Kasi ya huko si jambo la kuchukulia kuwa lipo daima.

Kwa hiyo kabla ya kuifunga kompyuta sandukuni, ifanyieni mambo manne hapa hapa, kwenye intaneti ya maktaba: futeni programu zisizohitajika, pakueni marekebisho yote ya usalama, izimeni na kuiwasha tena hadi isiwe na jambo inalodai, kisha mwandikieni mpokeaji kwenye kipande cha karatasi jinsi ya kuiambia mashine kwamba intaneti yake ni ya kupimiwa. Karatasi hiyo, ndugu zangu, inaweza kumfaa kuliko mfuko wenye kuibebea.

Tukumbuke neno moja tu kati ya haya yote: kompyuta hupendekeza, mwenye nyumba huamua. Ikiuliza, soma. Usipoelewa, bonyeza hapana kwanza, kisha uulize. Ila kwa marekebisho ya usalama, uulize upesi. Watoto wetu wasome kwa mashine zilizo salama, na bando tulilolitolea jasho litumike kwa kazi tuliyolinunulia.

Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutazungumzia namna ya kuhifadhi picha za familia zisipotee mashine inapokufa. Wenye maswali wayaandike kwenye karatasi na kumkabidhi anayewagawia jarida hili.

Wenu katika elimu,

Mwalimu